Maswali na majibu: Kijana analilia katuni, kuna shida?

Habari zenu wasomaji wa Chuga, Moshi na kote mnakotusoma. Mwezi huu maswali ya anime, yaani katuni za Kijapani, yamekuja mengi mpaka yakapita ya mapenzi, na mi nimefurahi sana kwa sababu hili ni jambo nalipenda kwa dhati na nilikuwa nasubiri mtu aniulize. La kwanza nimelijibu kwa urefu, naombeni mnivumilie, hayo mengine mafupi.

SWALI: Habari ya kazi dada wa safu. Mi ni mama, nakaa Sakina hapa Arusha. Kijana wangu ana miaka 22, kamaliza VETA, ni fundi umeme, mchana anapambana na kazi vizuri na hana ugomvi na mtu. Ila jioni akirudi ni simu na katuni za Kijapani mpaka usiku wa manane. Juzi nimeingia sebuleni nikamkuta anafuta machozi, moyo ukanipasuka nikajua kuna msiba, kumbe ni katuni! Ndo utoto haujamtoka au kuna kitu kimempata anaficha?

JIBU: Shikamoo mama yangu. Kwa ulivyoeleza, kijana anaamka, anaenda kazini, anaelewana na watu, sioni dalili ya kitu kibaya hapo. Analia kwa sababu alichokuwa anaangalia kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa umri wake na kinaumiza kweli.

Mama, sisi katuni tulizozijua kwenye TV ni za kina Tom and Jerry. Paka anapigwa na kikaango uso unakuwa bapa, sekunde hiyohiyo kainuka mzima anaendelea kufukuza panya, na kesho yake hakuna anayekumbuka kilichotokea. Ni kama hadithi za Sungura na Fisi tulizosimuliwa na bibi, Sungura wa leo ni yuleyule wa jana, hazeeki, hajifunzi, hafiwi. Ni nzuri na zinachekesha, lakini huwezi kulia na Sungura.

Sasa anime nyingi ambazo vijana wanazifuatilia haziendi hivyo. Kinachotokea leo kinabaki. Mtu akifa kafa, aliyekatwa mkono utamuona na mkono mmoja mpaka mwisho, rafiki aliyesaliti hasahauliki hata sizoni tatu zikipita. Na watu wanakua! Chukua Naruto, stori ya kijana wa kijiji cha maninja, ambayo nina uhakika kijana wako anaijua. Anaanza ni mtoto wa miaka 12, yatima, kijiji kizima kinamkwepa kwa jambo ambalo hata hakulifanya yeye, wazazi wanawavuta watoto wao wasicheze nae, jioni wenzake wanakuja kuchukuliwa na mama zao yeye anabaki peke yake kwenye bembea. Ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 2002, sehemu ya kwanza ikaisha 2007 na episodi 220, ikaunganishwa na sehemu ya pili yenye episodi 500 mpaka 2017. Miaka 15 hiyo mama. Kuna watoto walianza nayo wako shule ya msingi wakaimaliza wana ndevu na wana watoto, na yule yatima nae mwishoni kaoa, kapata watoto, na ndo kawa kiongozi wa kijiji kilekile kilichomtenga. Ukikaa na mtu muda wote huo unamjua kuliko hata jirani, akipatwa na jambo lazima likuguse.

Afu nikupe tukio moja, maana maneno matupu hayatoshi. Mwanzoni mwanzoni mwa Naruto kuna kijana anaitwa Rock Lee, nyusi nene kama kazichora na mkaa, nywele kakatwa kama bakuli. Wenzake wote wana uwezo wa kininja wa ajabu, huyu hana, amezaliwa hana, anachoweza ni mikono na miguu tu. Basi anajifua. Siku ya mashindano anapangiwa kijana anayelindwa na mchanga, yaani ukimrushia ngumi mchanga unainuka wenyewe unakinga, na hakuna ambaye amewahi kumgusa. Lee anapiga, mchanga unakinga, anapiga, unakinga, watu wameshaanza kumuonea huruma. Mwalimu wake akiwa juu kwenye baraza anamwambia vua. Anashusha soksi, kumbe miguuni kafunga vyuma muda wote huo, anaviachia vinaanguka chini na pale vilipotua sakafu inapasuka na vumbi linapanda mpaka juu. Toka hapo anakuwa na kasi ambayo macho hayafuati.

Mtu mwingine angemalizia hapo, Lee kashinda, makofi, tulale. Ila Lee anashindwa. Anavunjwa mkono na mguu. Mwalimu anaingia kumuokoa, na wakati pambano limeshaisha watu wanamuona Lee kainuka tena kasimama kwenye mguu mmoja tayari kupigana, mwalimu anamsogelea amwambie inatosha, ndo anagundua mtoto hana fahamu, amezimia kasimama, na yule mwalimu anamkumbatia analia. Episodi nyingi zinapita bado unamuona Lee anatembea na gongo, na daktari kamwambia upasuaji unaweza kumponya au ukammaliza.

Sasa fikiria kijana wa Sakina au Unga Ltd aliyerisiti kidato cha nne akapata palepale, au fundi aliyejituma kazi ya watu mwezi mzima afu tajiri akampa nusu ya hela. Kila mtu anamwambia pambana utafanikiwa. Lee ndo mtu wa kwanza kumuonyesha kwamba unaweza ukapambana kwa uwezo wako wote na bado ukapigwa, na kupigwa kwako kusikufanye uwe mtu wa bure. Mi naona hii ndo sababu kubwa kuliko zote inayowafanya watu waipende anime, kuliko mapigano na rangi na muziki. Inachukulia jasho la mtu kwa heshima, hata la mtu aliyeshindwa.

Sisemi zote ziko hivyo maana Wajapani wenyewe wana zisizosogea, kuna Sazae-san ya familia moja ipo kwenye TV kila Jumapili jioni toka 1969 na watoto wa mle hawajamaliza hata shule ya msingi. Lakini hizo vijana wa huku hawazifuati.

Ushauri wangu mama, usimuulize kwa nini analia, muulize nani kafa. Utashangaa atakavyokaa chini akuelezee. Na kama una nafasi muombe muangalie pamoja Fullmetal Alchemist: Brotherhood, episodi 64 tu na ina mwisho. Ni ndugu wawili wamefiwa na mama yao, wanajaribu kumrudisha kwa elimu iliyokatazwa, mmoja anapoteza mwili mzima mwingine mkono na mguu, na hadithi yote ni wao kuhangaika kurekebisha hilo. Aliyeitunga ni mwanamke, Hiromu Arakawa, kakulia kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini mwa Japani, na nadhani ndo maana watu wa mle wanakula, wanachoka, wanazaa, wanazikana kama watu wa kweli. Wewe kama mama ile episodi ya kwanza na ya pili tu zitakushika.

Ila kwenye usiku wa manane nakuunga mkono kabisa. Fundi umeme asiyelala ni hatari, nyaya hazina msamaha. Mkubaliane saa ya kuzima simu.

SWALI: Mambo vipi dada. Niko Majengo, Moshi, nasoma kidato cha tano. Gheto tunabishana kila siku, wenzangu wanataka anime iliyoingizwa sauti za Kiingereza, mi nataka ya Kijapani na maandishi chini, wananicheka eti najifanya najua Kijapani. Nani yuko sahihi?

JIBU: Poa mdogo wangu. Angalia unavyofurahia, ila mi niko upande wako na nina sababu. Kule Japani kuigiza sauti ni kazi ya heshima, watu wanaisomea na mastaa wake wanajulikana mtaani. Goku wa Dragon Ball unayemsikia anapiga kelele mpaka milima inapasuka, ile sauti ni ya mama anaitwa Masako Nozawa, kazaliwa 1936, na amekuwa Goku toka 1986, na watoto wawili wa Goku pia ni yeye! Sauti ya Luffy wa One Piece ni ya mwanamke, na ya Naruto nayo ni ya mwanamke. Ukiweka sauti nyingine unapata stori, lakini ile pumzi ya mtu aliyekaa na mhusika mmoja miaka yote hiyo unaikosa. Unakumbuka kukua kwa wahusika nilikosema hapo juu, basi sauti nayo inakua nao.

Halafu kusoma maandishi ya Kiingereza yanayopita haraka vile, kila siku, sio hasara kwa mtu wa kidato cha tano. Waambie wenzako hivyo.

SWALI: Salamu dada. Mi nachora mabango na nembo hapa Ngarenaro. Naangalia anime kwa jicho la mchoraji na kuna kitu sikielewi, sometimes mtu anaongea dakika nzima picha imesimama kinachocheza ni mdomo tu, au mtu anakimbia kumbe wanasogeza mistari nyuma yake. Huo sio uvivu?

JIBU: Fundi, umeona vizuri sana, na jibu ni pesa. Muvi inapita picha 24 kwa sekunde, na studio kubwa za Marekani zilikuwa zinachora michoro 12 mpaka 24 kwa kila sekunde, kazi ya jeshi zima. Tarehe 1 Januari 1963 mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka akaanza kuonyesha Astro Boy kwenye TV, episodi mpya kila wiki, kwa hela ndogo sana. Isingewezekana kuchora vile. Akashuka mpaka michoro 8 au chini ya hapo, akawa anaisimamisha picha, anarudia michoro iliyokwisha tumika, anachezesha mdomo peke yake. Wengi waliokuja nyuma yake wakafuata njia hiyo, na mpaka leo malipo ya wachoraji wadogo kule ni kilio kikubwa, hilo linaniuma na nadhani kila anayependa anime alijue limuume.

Lakini uvivu hapana. Ukikosa mwendo inabidi uso wenyewe useme, kwa hiyo wakawekeza kwenye macho, kwenye mwanga, kwenye pembe ya kukaa kamera. Picha ikisimama wewe mtazamaji unapata muda wa kumuangalia mtu usoni na kuwaza nae. Jaribu kwenye mabango yako, wewe huna mwendo kabisa, wana mengi ya kukufundisha.

SWALI: Dada habari, mi ni baba wa watoto wawili, miaka 7 na 9, tuko Kiborloni. Binamu yao kaja na flashi imejaa anime, wanang'ang'ania. Niwaache?

JIBU: Nzuri kaka. Usiwaache na flashi ya binamu kabla hujaikagua wewe mwenyewe. Watu wazima wengi wanaona michoro wanajua ni ya watoto, wakati Japani wanatengeneza za kila umri na zingine zinaonyeshwa usiku watoto wakiwa wamelala. Ukikuta Attack on Titan humo ndani, watu wanatafunwa wazima wazima na damu inaonekana, ondoa. Death Note ni kijana anaua watu kwa kuandika majina yao kwenye daftari, ni kali sana kama stori lakini sio ya miaka 7. Na Grave of the Fireflies ya 1988 iangalie wewe na mkeo siku mkiwa na nguvu, ni watoto wawili wakati wa vita ya 1945 baada ya mji kuchomwa kwa mabomu, na haina huruma na mtazamaji.

Watoto wape My Neighbor Totoro, nayo ya 1988 na studio ileile ya Ghibli. Mabinti wawili wanahamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na hospitali aliyolazwa mama, wanakutana na dubwana la msituni kubwa lenye manyoya. Hakuna adui humo ndani, hakuna ngumi hata moja, na wasiwasi wa wale mabinti kuhusu mama yao, watoto wako watauelewa bila kuelezewa. Kaa nao, wakiuliza wajibu. Muvi za Ghibli nyingi ziko Netflix huku kwetu toka 2020, kama mnayo.

SWALI: Dada, One Piece ina episodi zaidi ya elfu moja na bando langu ni la wiki. Nianze au niachane nayo? Chalii wa Kijenge.

JIBU: Anza chalii wangu. Ilianza 1999, haijaisha, na kwa kweli kuna sehemu zinavutwa kama mpira maana anime inabidi isimpite mtunzi wa kitabu cha katuni ilichotokana nacho. Weka video kwenye ubora wa chini kwenye simu, mchoro haupotezi kitu. Nenda taratibu, usiruke, mpaka kisa cha Nami kinachoanza episodi ya 31 na kuisha ya 44. Kikikuacha hivihivi, achana nayo bila lawama, tafuta ile ya ndugu wawili niliyomtajia mama wa Sakina. Kikikushika niandikie, nitakuelekeza zipi za kuruka mbele huko uokoe bando.