Ukikaa na mzee asiyeona, mwambie televisheni inaonyesha nini

"Kama mnavyoona hapa," alisema mtabiri wa hali ya hewa. Mama akauliza, "Hapa wapi?"

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kinakuja, na sisi hapa Mtanda, Lindi, tumekodolea macho lile duara jeupe linalozunguka juu ya bahari. Presha ya macho ilikuwa imeshamaliza nuru ya mama miaka miwili nyuma. Alikaa mkekani, karibu na televisheni kuliko sisi wote, anasikia kila kitu. Neno alilolihitaji usiku ule halikutamkwa, lilionyeshwa kwa kidole.

Nikamshika mkono wa kushoto, nikaufungua kiganja juu. "Ncha ya kidole cha kati ni Dar es Salaam. Upande wa kidole cha mwisho ni bahari. Hapa pembeni, majini, Mafia. Katikati ya kiganja ni Kilwa. Hapa chini, karibu na kifundo, ni sisi, na Mtwara ni huku mkononi." Kisha nikasogeza kidole changu kutoka nje, upande wa baharini, nikakileta polepole. "Kimbunga kinapita hivi."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kinakwenda Mafia." Na Mei 4 kikatua Mafia kweli. Mvua zake zilipokata barabara ya Dar kule Somanga, magari yakalala njiani, nilimwonyesha mama kwenye kiganja kilekile mahali ilipokatika, akaelewa kwa nini mjukuu wake aliyekuwa safarini hajafika.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kusimulia televisheni. Naandika kwa sababu najua nyumba nyingi zina mzee wa namna hii, amekalishwa mbele ya kioo asichokiona, na watoto wake wanaamini wamempa mwenzi wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ni ushonaji. Cherehani iko ukumbini, televisheni iko ukumbini, mama yuko ukumbini. Macho yake yalipokwisha, niliwasha televisheni alfajiri na kuizima usiku. Nilidhani sauti ni sauti. Baada ya majuma machache akawa anasinzia mchana na kukesha usiku. Akawa ananiuliza mambo yaliyochanganyika, mbunge kamwambia nani kuhusu mtoto wa yule dada wa kwenye igizo.

Halafu ikaja ya dawa. Kituo kimoja kilirusha kipindi kirefu cha mtu anayeuza dawa za miti shamba kwa sauti ya utulivu, kama daktari anayehojiwa. Maneno ya kwamba ni tangazo la kulipia yalikuwa yameandikwa kwa herufi ndogo pembeni ya skrini. Hayakusomwa. Mama alisikia kwamba dawa ile inafungua macho, akachukua shilingi elfu kumi na tano katika fedha zake za ufuta, akamtuma mtoto wa jirani akamtumie yule mtu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka alipo, napinda shati. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Fedha zilikwenda, lakini kilichonitesa zaidi ni yale matumaini aliyokaa nayo siku nane bila kumwambia mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuizima. Kisha muulize mzee anataka nini katika siku nzima. Mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilidhani anataka mawaidha tu kwa kuwa ni mtu mzima. Akanitajia vinne: salamu za asubuhi, Bunge, ngoma, na habari za usiku pamoja na hali ya hewa. Vyote vinapatikana kwenye televisheni ya taifa, TBC1, na ndiyo maana kisimbuzi chetu kinakaa hapo muda mwingi. Kituo cha taifa kina faida kubwa kwa asiyeona. Siku yake ina vitu mbalimbali, na karibu vyote vinasemwa kwa Kiswahili. Mtu anaweza kujua saa kwa kusikia. Mama amekua na redio. Televisheni ya Taifa ilipoanza mwaka 2000 yeye alikuwa na miaka hamsini na ushee, kwa hiyo sikio lake limefunzwa kabla ya jicho.

Asubuhi ni rahisi. Watangazaji wa Jambo Tanzania wanazungumza wenyewe kwa wenyewe, mimi nakuna nazi au nawaandaa watoto wa shule, sina la kuongeza.

Bunge ndilo linalompendeza kuliko vyote, na kwa asiyeona sidhani kama kuna kipindi kilichotengenezwa vizuri zaidi. Saa 3 asubuhi inasomwa dua, kisha maswali. Kila anayesimama anaitwa kwa jina, na anayejibu anaanza na "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri." Hakuna anayenyoosha kidole kwenye ramani. Mama anawajua wabunge kwa sauti kuliko mimi ninayewaona. Alhamisi, siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hataki kuguswa. Miaka ile Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, alipokuwa kwenye kiti hicho, mama alimsikiliza kama mtu anayemsikiliza kijana wa nyumbani, na alitambua akichoka kabla hajamaliza sentensi. Ikiulizwa barabara ya kusini, au bei ya korosho, naacha kukanyaga cherehani. Hilo nalo nilijifunza kwa kuchelewa: punguza kelele yako wewe, usiongeze sauti ya televisheni. Sauti kubwa inamchosha mzee haraka kuliko unavyodhani.

Mchana inazimwa. Tunakula, analala, anakaa barazani, majirani wanapita.

Kusimulia penyewe kuna ustadi wake. Usiseme juu ya sauti ya mtu mwingine, ngoja apumue. Anza na nani, yuko wapi, anafanya nini, basi. Mjukuu wa mama, wa darasa la nne, ndiye macho ya bibi jioni, na mwanzoni alikuwa anasema, "Wanacheza tu, Bibi." Bibi akamuuliza, "Wanachezaje?" Ikabidi mtoto aangalie. Mabega au kiuno? Wamepanga mstari au duara? Wamevaa nini? Hapo kwenye mavazi nachukua mimi, maana lesi na batiki najua kuvitofautisha hata kwa mbali. Ngoma ikianza, zamu inageuka. Mama husikia mapigo machache tu akasema, "Hiyo sindimba, hao Wamakonde," kabla maandishi hayajatokea chini ya picha. Mtoto anasimulia anachoona, bibi anasimulia anachosikia.

Na usipambe. Kama hujaona vizuri, sema hukuona. Mzee akigundua mara moja kwamba unambunia, hatakuamini siku ya jambo kubwa.

Mechi nayo ina mbinu yake. Mtangazaji wa televisheni anajua watu wanaona, kwa hiyo ananyamaza mpira ukiwa katikati. Wa redio hanyamazi. Tunazima sauti ya televisheni, tunawasha redio pembeni. Matangazo ya kisimbuzi huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya redio, na hilo limempa mama heshima kubwa nyumbani. Januari 2024 Taifa Stars walipocheza na Zambia kule Ivory Coast, yeye alishika kichwa na kupiga kelele ya bao la Simon Msuva wakati sisi tunamwona Msuva bado hajafunga. Watoto tangu hapo hukaa wakimtazama bibi badala ya skrini.

Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ndiyo inayotaka mtu akae karibu. Siku hizi viziwi wana mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya skrini, na ni jambo jema sana. Asiyeona hana wa kwake. Mgeni akizungumza Kiingereza, tafsiri huandikwa chini tu, usipoisoma kwa sauti mzee amepitwa na habari nzima. "Piga namba unayoiona" ni hivyo hivyo. Habari za mnada wa ufuta au korosho mara nyingine huweka bei ya juu na bei ya chini kwenye jedwali, na mama ana mikorosho yake Kitunda, ng'ambo ya maji. Zile namba ni zake, sharti zisomwe. Natamani watangazaji wenyewe wangezisoma, haiwagharimu hata dakika.

Rimoti tumeibandika shanga kwa gundi kwenye kitufe cha kuzima. Namba 5 kwenye rimoti nyingi ina kipele tayari, mfundishe aipapase, zilizobaki atazihesabu kutoka hapo. Sasa mama anazima mwenyewe kipindi asichokitaka, na hilo limempendeza kuliko zawadi zote nilizompa.

Juzi, baada ya hali ya hewa, akaizima. Akamwita mjukuu, akamwambia, "Lete mkono." Akauweka kiganja juu, akapapasa mpaka karibu na kifundo. "Hapa ni Lindi. Mwaka 1952, mwezi wa nne, upepo ulitoka huku." Akavuta kidole kutoka upande wa baharini, polepole. "Mimi mdogo kuliko wewe. Nyumba yetu ilikuwa hapa." Mtoto akasogea karibu, akauliza, "Ilikuwaje, Bibi? Paa lilikuwa la nini?"