Mapipa Manne Yaliyookoa Nyanya Zangu za Julai

Wiki iliyopita nilichuma kilo 9 za nyanya kwa siku moja nyuma ya nyumba yetu hapa Ruashi, mjini Lubumbashi, Kongo, katikati ya Julai, wakati bustani za wazi mtaani zimedumaa kwa baridi. Jioni ile ile dada mmoja wa Katuba, mtaa mwingine wa mji huu, aliniandikia akiuliza kwa nini maua ya nyanya zake yanapukutika ilhali ametumia fedha nyingi kujenga kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mimea. Swali lake lilinigusa, kwa kuwa mwaka juzi nililiuliza mwenyewe na sikupata wa kunijibu.

Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 7 au chini yake, hata kama mchana kulikuwa na nyuzi 25. Mnyanya haufi kwa baridi hiyo, lakini usiku unaposhuka sana chini ya nyuzi 13 chavua, yaani unga wa ua, hudhoofika, na ua lisilochavushwa hudondoka.

Banda langu la kwanza, mita 4 kwa 6, nililifunika kwa nailoni nyembamba ambayo mwuzaji aliniapia kwamba ingedumu miaka mitatu. Haikumaliza hata kiangazi kimoja. Mchwa nao walizila nguzo mbili. Hayo niliyavumilia. Kilichoniuma ni usiku mmoja wa Juni, nilipoamka saa kumi alfajiri na kuingia bandani na tochi: kipimajoto cha ndani kilisoma 6, na cha nje 6. Nailoni ya kawaida huzuia upepo, lakini hupitisha kwa urahisi joto linalotoka kwenye udongo, na anga letu la kiangazi halina wingu la kulirudisha.

Kwa hofu niliwasha mbabula, jiko la makaa, mle ndani na kukaa kando yake, mpaka kichwa kikaanza kuniuma na mke wangu akaja kunitoa kwa nguvu. Nawasihi, msifanye hivyo kamwe, kwa maana gesi ya makaa haina harufu na inaua. Siku chache baadaye shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba mimi naifunika mboga wakati watoto wanatetemeka. Sikumjibu, lakini maneno yale ninayo hadi leo.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kitalu nyumba hakitengenezi joto. Kinapokea tu jua la mchana, na kazi ya mkulima ni kulihifadhi hadi alfajiri. Nilinunua mapipa manne ya lita 200, nikayapaka rangi nyeusi, nikayajaza maji na kuyapanga kwenye ukuta wa kusini, kwa sababu katika miezi hii jua letu hupita upande wa kaskazini na huyapiga usoni. Maji hayo yakipoa kwa nyuzi 10 tu, hutoa joto sawa na la hita ya wati 1,000 inayowaka kwa zaidi ya saa tisa, na umeme ukikatika hayajali. Kisha nikaweka nailoni ya pili kwa ndani, nikiacha nafasi ya vidole vinne kati ya tabaka hizo mbili. Mwaka huu, nje kukiwa na nyuzi 6, ndani sijasoma chini ya 11.

Yaliyobaki ni nidhamu, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Fungua madirisha saa nne asubuhi, maana joto la kupita kiasi nalo huharibu chavua. Yafunge saa tisa alasiri, kabla jua halijalegea. Mwagilia asubuhi, usimwagilie jioni. Osha vumbi jekundu juu ya nailoni kila wiki, kwa sababu linanyima mimea mwanga. Tikisa vishada vya maua kwa mkono kila asubuhi, kwa kuwa ndani hakuna upepo wa kuvitikisa. Mtu asiyekuwa tayari kufanya hayo kila siku asilaumu mbegu.

Dada wa Katuba, maua yaliyodondoka hayarudi, lakini mnyanya wako utatoa vishada vingine juu yake, kwa hiyo anza na mapipa mawili wiki hii. Mimi kesho naongeza la tano karibu na mlango, ambako miche sita ya mwisho bado inatoa maua yasiyoshika.