Kuchuja mafuta ya chips sio kutengeneza biodizeli

Swali: Fundi, nina Hiace ya dizeli, niko Tanga. Kuna jamaa ananiuzia biodizeli ya mafuta yaliyokaangiwa chips, anasema haitoi moshi. Nimeanza kuyatumia, huu ni mwezi wa pili tangu nianze, na gari haipandi mlima na asubuhi inatoa moshi mweupe. Shida ni mafuta au injini?

Jibu: Ndugu yangu, hata biodizeli safi inapunguza nguvu kidogo, lita yake ina nishati pungufu kama asilimia 8 hivi kuliko dizeli, ila kushindwa mlima na huo moshi mweupe ni habari nyingine. Nina wasiwasi mkubwa umeuziwa mafuta ya chips yaliyopitishwa kwenye kitambaa basi, pengine yakaongezwa mafuta ya taa yawe mepesi. Hii inaniudhi sana kwa sababu naletewa noseli za hivyo (vile vipua vinavyopuliza mafuta ndani ya injini) kila mara, masizi yameganda mpaka matundu hayaonekani.

Mafuta ya kupikia ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli, noseli haiwezi kuyapuliza yawe ukungu, yanatoka matone matone, hayaungui yote, yanayobaki yanateremka kwenye ringi mpaka kwenye oili. Kuchuja kunatoa makombo ya viazi, uzito uko palepale! Ili yawe biodizeli lazima yachanganywe na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda kwenye nyuzi kama 60, gliserini, ule uteute mzito unaojitenga, ituame imwagwe, halafu yaoshwe na kukaushwa maji.

Pima hivi: mililita 3 za mafuta yake ndani ya mililita 27 za methanoli, tikisa, subiri nusu saa. Kikituama chochote chini, hayo hayajageuka. Mwaga tanki, badilisha filta na oili, noseli zipeleke kwa fundi wa pampu.

Na hilo la moshi, mwaka 2002 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilionyesha biodizeli tupu inapunguza masizi na monoksidi ya kaboni karibu nusu, lakini oksidi za naitrojeni, nazo ni gesi chafu, zinapanda kama asilimia 10, hilo wauzaji hawalitaji kabisa, na hizo namba ni za biodizeli iliyokamilika sio ya kitambaa.

Wengine sasa wanauza maelekezo ujipikie nyumbani. Jamani, methanoli inachemka nyuzi 65, mvuke wake unadaka moto haraka na mchana huo moto hata hauuoni. Msiipike jikoni kwenye mkaa.