Cheap lilikuwa soko kabla ya kuwa bei

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza sekondari. Juzi tulikuwa tunaangalia ramani ya London ya zamani, mwanafunzi mmoja akaona mtaa unaitwa Cheapside na mwingine Eastcheap. Kwa kuwa cheap leo ni kitu cha bei ya chini, akauliza kama huko ndiko walikoishi maskini. Nikamjibu kwamba huenda vitu viliuzwa kwa bei ya chini. Akarudi tena: “Mbona na mtu huitwa cheap, kwani naye anauzwa?” Darasa zima likacheka, nami nikakwama. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mpe hongera kijana huyo, kwa kuwa maswali yake yote mawili yanafunguliwa na ufunguo mmoja: cheap lilikuwa nomino kabla ya kuwa kivumishi. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100, liliandikwa ceap, na maana yake ilikuwa biashara: kununua na kuuza, mapatano, bei, hata mahali pa kuuzia. Mifugo nayo iliitwa ceap, maana ng’ombe alikuwa mali ya kubadilishana. Kama bei ni kubwa au ndogo, neno halikusema.

Kwa hiyo Eastcheap ni Soko la Mashariki tu, na Cheapside ni upande wa soko. Vijia vinavyochepuka kutoka Cheapside bado vinataja kilichouzwa: Bread Street ni mkate, Milk Street ni maziwa. Wala hapakuwa mahali pa vitu vya bei ya kutupa. Masonara walikuwa na safu yao ya maduka palepale. Mwaka 1912 vibarua waliokuwa wakibomoa jengo kuukuu mtaani hapo walifukua hazina ya vito karibu 500 vya karne ya 16 na 17. Kuna kimoja ambacho kila nikitazama picha yake nakaa kimya: saa ndogo iliyopachikwa ndani ya zumaridi moja kubwa kutoka Colombia. Fundi alilichonga jiwe likawa kijumba cha saa, na kifuniko chake nacho ni zumaridi, unaona uso wa saa kupitia ule ukijani. Waonyeshe wanafunzi wako picha hiyo, uwaambie ilitoka Cheapside. Hawatasahau.

Neno hili lina ndugu wengi. Mjerumani akinunua husema kaufen, Mswidi husema köpa, na mji wa Norrköping una soko ndani ya jina lake. Copenhagen, ambayo Wadenmark wenyewe huiita København, ni bandari ya wafanyabiashara. Asili yao wote huelekezwa kwenye neno la Kilatini caupo, mchuuzi au mwenye nyumba ya wageni.

Sasa bei ya chini iliingilia wapi? Waingereza walikuwa na msemo good cheap, yaani biashara njema, mapatano yanayomridhisha mnunuzi. Mfaransa anao mpaka leo, bon marché, soko zuri, na Mholanzi husema goedkoop. Hao wawili hawakumtupa yule “mzuri” wao. Mwingereza alimtupa. Kufikia karne ya 16, good ilikuwa inadondoka mdomoni na cheap ikabaki peke yake, imebeba maana ya msemo mzima. Mimi naona hapo ndipo ilipopata hasara, kwani pamoja na good, neno lilipoteza ule wema. Kilichobaki ni udogo wa bei, na kutoka udogo wa bei hadi udogo wa thamani ni hatua moja.

Hatua hiyo ilikwisha kupigwa wakati wa Shakespeare. Katika tamthilia yake ya Henry IV, sehemu ya kwanza, mwana wa mfalme anashinda Eastcheap na walevi. Baba yake anamkaripia: mimi ningejianika mbele za watu kila siku kama wewe, ningeonekana nimechakaa na cheap. Maana zote mbili zimo katika mchezo mmoja, mtaa wa soko na mtu aliyejishusha.

Hapa na mimi niliwahi kuteleza. Miaka ya nyuma nilitafsiri hadithi iliyokuwa na mwanamke anayetoka kwenye karamu akihisi cheap. Nikaandika “alijiona rahisi”. Mhariri akapiga mstari chini yake, akaandika pembeni: “Rahisi kama hesabu ya darasa la kwanza?” Alikuwa na haki. Kwa Mwarabu, rakhis ni bei ya chini, na jambo lisilo na ugumu ni sahl. Sisi tulilichukua rakhis tukalibebesha yote mawili, na siku hizi wepesi ndio unaotangulia kichwani mwa msomaji. Nilihangaika na sentensi ile siku mbili mpaka neno likaja lenyewe: “alihisi amejirahisisha.” Lilikuwa linatamkwa kila siku masikioni mwangu, na limepita njia ileile ya Kiingereza, kutoka bei hadi heshima ya mtu.

Mwambie kijana hivyo. Ila umwonye pia: Mmarekani akimwita mwenzake cheap, mara nyingi anamaanisha bahili, mwenye mkono wa birika. Hapo ukitafsiri kwa “kujirahisisha” utamsingizia mtu kosa jingine kabisa.

SWALI: Mwalimu, chap, yaani jamaa, lina uhusiano wowote na cheap?

JIBU: Ndiyo, ni damu moja. Mchuuzi aliitwa ceapmann, baadaye chapman, ambalo leo ni jina la ukoo la Waingereza wengi. Likakatwa likawa chap, kwanza likimaanisha mnunuzi, mtu wa kupatana naye bei. Kufikia karne ya 18 biashara ilikuwa imetoka, amebaki jamaa tu.