Koili ya Vepu Inadumu Ikinyweshwa

Tangu Uingereza ipige marufuku uuzaji wa vepu (sigara za kielektroniki) za kutupa, tarehe 1 Juni 2025, ndugu wengi hapa Leicester wamehamia kwenye zile za kujaza, na karibu kila ninayekutana naye ananiuliza: mbona koili, kile kipande cha ndani kinachopasha moto, zinaungua upesi hivi?

Nalijua hilo vizuri. Nilivuta sigara miaka 14, na mwezi wa kwanza wa vepu nusura nizirudie kwa ajili ya koili tu. Nilifunga mpya nikitoka kazini usiku, nikajaza, nikavuta papo hapo. Koo likaniwaka kama nimevuta moshi wa kitambaa. Koili ya paundi 3 ikaenda kwenye taka kabla ya dakika tano.

Kesho yake niliipasua kwa kisu nione kulikoni. Ndani mna waya mwembamba uliozungushwa na kufunikwa pamba. Pamba hunyonya juisi, yaani kile kimiminika cha vepu, kupitia vitobo vya pembeni, waya ukiipasha moto inageuka mvuke. Pamba ikikosa juisi, inayoungua ni pamba yenyewe. Yangu ilikuwa nyeusi katikati, ila pembeni bado nyeupe pe. Juisi haikuwa imefika hata nusu ya njia.

Siku hizi koili mpya naitilia matone matatu manne kwenye tundu la kati na kila kitobo, mpaka pamba ing'ae kwa unyevu. Naifunga, najaza tangi, halafu naenda kuinjika chai. Dakika 10 zinatosha. Juisi ikiwa nzito, 15. Nikirudi navuta mara mbili tatu bila kubonyeza. Kisha naanza na wati za chini kabisa ya kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa koili. Kama ni 12 hadi 18, siku ya kwanza naishia 12.

Lakini adui mkubwa ni utamu. Juisi nyingi za keki, peremende na maembe hutiwa sukralosi, kitamuzi cha viwandani, na hiyo haiondoki yote na mvuke. Inabaki kwenye waya, inaganda na kuwa nyeusi, kama shira ya visheti iliyoshika sufuria. Kwa juisi ya keki koili zangu zilikuwa zinakufa siku ya nne au ya tano. Nilipohamia mnanaa usio na utamu, koili zilezile zikaanza kufika wiki tatu. Ukipenda sana ile tamu, iweke ya jioni, kwenye tangi lake.

Angalia pia uzito wa juisi. Juisi huwa na vimiminika viwili, gliserini iliyo nzito na propileni glikoli iliyo nyepesi, na vifaa vidogo vinavitaka nusu kwa nusu. Gliserini ikifika asilimia 70, juisi inapita polepole na pamba inakauka, hasa ukivuta mfululizo. Mimi hupumzika kama nusu dakika kati ya mvuto na mvuto. Na kwa kuwa sheria ya hapa hairuhusu tangi kuzidi mililita 2, najaza kabla juisi haijashuka chini ya vitobo.

Kuosha koili kwa maji ya moto nimejaribu. Ilinipa siku mbili tu, tena ladha imefifia. Sirudii.

Koili ikishaanza kuonja kuungua, itoe. Pamba kavu ikipashwa moto kupita kiasi hutoa kemikali kali, formaldehidi ikiwemo, na hakuna paundi 3 zinazostahili mapafu yako. Na mdogo wangu ambaye hujawahi kuvuta sigara, nakuomba usianze. Haya nawaandikia tunaohangaika kuikimbia.

Kila nikifunga mpya naandika tarehe kwa kalamu kwenye boksi lake. Iliyomo sasa iko siku ya 19, na mnanaa bado unakuja safi.