Barua kwa mwanangu: kwa nini regyuleta yako haizuii ampea

Mwanangu,

Huku Kirumba tu wazima, na mama yako anakusalimu sana.

Umeniuliza mbona ile regyuleta ya chaja yako, saketi ya kushikilia volti zibaki 13.8, haizuii mkondo ukiijaribu kwenye programu ya kuigiza saketi. Umeweka rezista ya kupimia ya omu 0.33 ili mkondo ukomee ampea 2, lakini ukipiga shoti kwenye toleo, pale umeme unapotokea, grafu inapanda hadi ampea 9.

Hesabu yako haina kasoro: volti 0.65 zinazofungua transista ya ulinzi, gawanya kwa omu 0.33, ni karibu ampea 2. Hiyo rezista iache. Na kwenye mchoro ulionitumia, miguu ya transista ndogo ya ulinzi iko sawasawa. Pima volti kati ya besi yake (mguu wa kuiongoza) na emita (mguu wa kutolea mkondo) wakati wa shoti. Utakuta zimevuka 0.65, maana yake imefunguka na inafanya kazi yake. Inazidiwa nguvu tu.

Anayeizidi nguvu ni opampu uliyoichagua, kile kikuza volti kinachoiongoza transista kubwa. Ni ya kinadharia, haina hata miguu ya kuingizia umeme. Transista ya ulinzi ikiivuta chini besi ya TIP122, ile transista kubwa inayopitisha mkondo wote, volti za toleo zinashuka. Opampu ikiona hivyo inazidi kusukuma, na kwa kuwa haina kikomo, haishindwi kamwe. Opampu halisi kama 741 hufika miliampea 25 hivi ikagota.

Badilisha opampu, uchukue yenye miguu ya umeme, uilishe kwa zile volti 20 za maingizo. Kisha weka rezista ya omu 470 kati ya toleo lake na besi ya TIP122. Fanya yote mawili pamoja. Ukiweka rezista peke yake, opampu isiyo na kikomo itapandisha volti hadi maelfu na kupitisha mkondo vilevile.

Ukijaribu tena usikimbilie shoti. Anza na mzigo wa omu 10: volti zibaki 13.8. Shuka hadi omu 5: ulinzi ukishika, utaona volti 10 hivi, ampea 2. Shoti iwe ya mwisho.

Hapo kwenye shoti, angalia wati za TIP122. Zitakaribia 40, na kompyuta haitakuonyesha moshi wala harufu. Programu nyingi huanza na joto la nyuzi 27, wakati transista ya ulinzi ikikaa karibu na hitsinki (bati la kupoozea transista kubwa), zile volti 0.65 hupungua kama milivolti 2 kwa kila nyuzi. Ikifika nyuzi 77, kikomo chako kitakuwa ampea 1.7.

Nakusisitizia haya kwa sababu chaja hii ni ya betri za taa za dagaa. Wavuvi wakirudi asubuhi hapa Mwaloni, kwenye soko la samaki, betri zimeisha chaji, na betri iliyoisha chaji huvuta mkondo mkubwa mara tu unapobana klipu.

Nitumie grafu ya omu 5 kabla hujanunua hata transista moja.

Baba yako