Ukimpata mteja wako kwa apu ya kudeti

Ilikuwa Alhamisi usiku nimetoka praktikamu, yale mazoezi ya kazi ya ushauri nasaha, nimechoka, niko kwa matatu ya Thika Road pale Pangani na jam haisongi, nikafungua apu nikaanza kuswaipu tu. Picha ya nne nikaona uso naujua. Mteja wangu wa Jumanne asubuhi, kilomita 2 kutoka nilipo. Kidole kiliganda juu ya kioo.

Nikaswaipu kushoto, yaani nikampita, nikazima simu. Hapo sikukosea, kosa ni kwamba nilinyamaza wiki tatu nzima. Kila Jumanne akinieleza vile anaona hakuna mtu anaweza kumpenda, mimi naiona ile picha, shati ya bluu, anacheka, na yeye hajui kama nimeiona. Nilikuwa nimeshika kitu chake ambacho hakunipa. Mwishowe nikamwambia supavaiza nikingoja kufokewa, akaniuliza tu, "Na yeye je, amekuona?" Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Tukakubaliana nimwambie mteja, nikamwambia, akainamisha kichwa akasema aliniona kitambo, akaogopa nitampeleka kwa mtu mwingine. Wiki tatu kila mtu na hofu yake kwa chumba kimoja!

Washauri wenzangu, sisemi mfute apu jamani, nanyi ni watu mnahitaji kupendwa. Ila ukimwona mteja usifungue profaili kusoma, usiswaipu kulia, yaani kuonyesha umempenda, hata kwa utani, na supavaiza ajue wiki hiyo hiyo. Na yule mlimaliza vikao mwezi jana bado si wa kudeti. Kanuni za APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, zinakataza kufanya mapenzi na mteja wa zamani kwa angalau miaka 2, na hata ikipita ni wewe wa kuthibitisha kwamba humtumii vibaya.

Halafu namba za simu, hii wengi hawaiwazi. Kuna apu huomba kusoma namba zako zote, eti ndio uzuie watu unaowajua wasikuone, sasa kama umesevu wateja humo ushawapeleka kwa kampuni bila wao kujua. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na jina ulilosevu "mteja Jumanne" linasema yote. Mimi nilinunua laini nyingine nikaiweka kwa simu ndogo ya kabambe, haina intaneti wala picha, na wateja wangu wote wako humo peke yake.